Shirika la umeme au maji limeoza: libaki la umma, likodishwe, liuzwe, au kila mtu ajitafutie?

Miaka kadhaa iliyopita nilizunguka wiki nzima na msoma mita wa shirika moja la maji. Alikuwa na daftari lenye jalada la plastiki, tochi, na kitambaa cha kufutia vumbi kwenye kioo cha mita. Kwenye nyumba za kupanga mita zilikuwa nje, ukutani, kila mpita njia anaziona. Aliinama, akafuta, akaandika tarakimu zote bila kuruka hata moja. Kisha tukafika kwenye nyumba zenye mageti. Mlinzi akachungulia kwenye kitundu: "Wenyewe hawapo." Msoma mita hakubishana. Aliandika makadirio ya mwezi uliopita, ambayo nayo yalikuwa makadirio ya mwezi wa nyuma yake, tukaendelea na safari. Nilipomuuliza mara ya mwisho aliiona lini mita ya nyumba ile, alicheka tu.

Namkumbuka kila unapoanza mjadala wa shirika linalokufa. Watu hugawanyika papo hapo kama mashabiki wa mpira: hawa wanataka libinafsishwe kesho asubuhi, wale wanasema mali ya umma haiuzwi, na anayejaribu kuuliza swali la tatu anaonekana katumwa. Makala hii ni ya yule aliyekwama katikati: diwani anayetakiwa kupiga kura, mjumbe wa bodi, mwanachama wa chama cha wafanyakazi, au mwananchi aliyeitwa kwenye kikao cha maoni na hajui asimame upande gani.

Shirika linavyoivuta nchi chini

Shirika la umeme au maji halifi kwa siku moja. Mara nyingi huanza na bei iliyogandishwa kwa sababu uchaguzi uko karibu. Mapato yakishindwa kufikia gharama, hazina inajazia kwa ruzuku. Hazina ikichoka, inakopa. Matengenezo yanaahirishwa, kwa kuwa bomba lililofukiwa ardhini halina utepe wa kukata siku ya uzinduzi. Mgao unaanza. Wenye viwanda wananunua majenereta, mafuta yanaagizwa kwa dola, dola zinaadimika, sarafu inashuka, na vipuri vya shirika lenyewe, ambavyo navyo hununuliwa kwa dola, vinakuwa ghali maradufu. Kufikia hapo mteja mkubwa aliyekuwa akilipa vizuri ameshajitoa kwenye gridi. Wanabaki wateja wadogo na ofisi za serikali zisizolipa.

Lebanon inaonyesha mzunguko huu kwa uwazi wa kutisha. Bei ya umeme wa shirika la taifa iliwekwa mwaka 1994 na haikupandishwa mpaka Novemba 2022. Ndani ya muda huo mafuta yalipanda bei duniani mara kadhaa, na kwa miaka mingi hazina ikawa inamwaga kati ya dola bilioni 1 na 2 kwa mwaka kuziba pengo. Makadirio yanayonukuliwa sana yanaihesabu sekta ya umeme kuwa chanzo cha karibu nusu ya deni la taifa. Machi 2020 nchi ikashindwa kuwalipa wadai wake. Tarehe 9 Oktoba 2021 vituo viwili vikubwa, Deir Ammar na Zahrani, vikaishiwa mafuta, na gridi nzima ikazima.

Ndiyo maana uamuzi kuhusu shirika ni uamuzi kuhusu deni la nchi, hata kama kwenye ajenda umeandikwa "maboresho ya huduma".

Vipimo vinne

Kabla ya kulinganisha, tukubaliane tunapima nini. Mimi hutumia maswali manne, na kila njia hapa chini nimeipitisha kwenye hayo hayo.

La kwanza ni *fedha*: nani analeta mtaji wa mabomba na transfoma mpya, deni la zamani linaenda kwa nani, na sarafu ikianguka hasara inamwangukia nani. La pili naliita *geti*: nani ana ubavu wa kumkatia mdaiwa mkubwa, iwe ni mheshimiwa, kiwanda au wizara. La tatu ni *mnyonge*: asiye na kitu analipa kiasi gani, na je, anaunganishwa kabisa au anaachwa anunue kwa ndoo? La nne ni *kurudi nyuma*: mambo yakienda mrama, kutoka kunagharimu nini.

Sijaweka "ufanisi" kwenye orodha. Kila upande unadai kuwa nao, na mara nyingi ni jina jingine tu la swali la geti.

Njia ya kwanza: libaki la umma, lisafishwe

Shirika linabaki mali ya serikali, ila linapewa uhuru wa kuajiri, kufukuza, kupanga mishahara na kutumia mapato yake, kwa mkataba wa utendaji wenye malengo yanayopimika.

*Geti.* Naanza hapa kwa sababu ndipo njia hii inapofia au kufaulu. Mwaka 1993 mamlaka ya maji ya Phnom Penh, Kambodia, ilikuwa inapoteza asilimia 72 ya maji inayosukuma, kwa kuvuja na kwa wizi. Maji yalitoka saa 10 kwa siku. Akaletwa mhandisi Ek Sonn Chan. Alihesabu wateja upya nyumba kwa nyumba, akaweka mita, akawafukuza wafanyakazi waliokuwa wakiuza viunganisho vya pembeni, na akaanza kuwadai wakubwa. Amesimulia mwenyewe jinsi jenerali mmoja alivyokataa kuwekewa mita na kumwelekezea bastola kichwani. Aliondoka, akarudi na askari wenye silaha, akakata maji. Jenerali akalipa. Miaka 15 hivi baadaye upotevu ulikuwa umeshuka hadi kama asilimia 6, kiwango ambacho miji mingi tajiri haijakifikia, na maji yalikuwa yakitoka saa 24.

Wanaopenda kisa hiki huishia kwenye bastola. Wanasahau kwamba mwaka 1996 mamlaka ile ilipewa uhuru wa kisheria, kwamba waziri mkuu alikuwa nyuma yake, na kwamba wafadhili walileta fedha nyingi za ujenzi. Shujaa bila mambo hayo matatu hupelekwa likizo ya lazima.

*Fedha.* Mtaji unatoka hazina, kwa wafadhili, au kwenye mapato yenyewe. Faida yake ni kwamba serikali hukopa kwa riba nafuu kuliko kampuni. Hasara yake ni kwamba hazina ikiwa tupu, hakuna ujenzi, na deni linabaki la taifa. Eskom ya Afrika Kusini inafundisha hili vizuri. Waraka wa sera wa serikali wa mwaka 1998 ulitahadharisha kwamba umeme ungepungukiwa ifikapo 2007 hivi. Kwa miaka kadhaa shirika likazuiwa kujenga vituo vipya, wawekezaji binafsi wakisubiriwa, nao hawakuja. Mgao ukaanza karibu kabisa na mwaka uliotabiriwa. Vituo vya Medupi na Kusile vikaja kuanza kujengwa kwa kuchelewa na kwa gharama iliyofumuka. Mwaka 2023 umeme ulikatwa kwa ratiba zaidi ya siku 300, na mwaka huo huo hazina ikalazimika kupanga kubeba deni la shirika la randi bilioni 254. Halmashauri zenyewe, ambazo ni serikali pia, zinadaiwa na Eskom mabilioni mengi ya randi.

*Mnyonge.* Hapa njia ya umma ina nafasi nzuri kuliko zote ikiwa imesafishwa kweli. Phnom Penh ilipunguza au kufuta ada ya kuunganishwa kwa kaya maskini, ambazo awali zilikuwa zikinunua maji kwa wachuuzi kwa bei mara kadhaa ya ile ya bomba. Ikiwa haijasafishwa, mnyonge anapata bei rahisi ya maji yasiyotoka.

*Kurudi nyuma.* Ni rahisi, kwa sababu hakuna uliyemwahidi fidia. Ila urahisi huo unakata pande mbili. Waziri mpya anaweza kubomoa kazi ya miaka 10 kwa barua moja ya uteuzi.

*Inamfaa nani.* Nchi ambayo bado ina wahandisi wanaoijua kazi, na ambayo viongozi wake wako tayari ofisi zao wenyewe zikatiwe. Uganda ilifanya hivyo kwenye maji: kuanzia 1998 shirika la taifa, likiongozwa na William Muhairwe, liliingia kwenye programu za siku 100 na kisha kuwekeana mikataba ya ndani na kila mji, meneja wa mji akipimwa kwa makusanyo na upotevu. Halikuuzwa.

Njia ya pili: likodishwe kwa miaka

Mabomba na nyaya zinabaki za umma, mwendeshaji binafsi anaendesha kwa muda uliopangwa. Kuna namna mbili zinazochanganywa sana na watu. Ya kwanza, serikali inajenga na kampuni inaendesha na kukusanya tu. Ya pili, kampuni inaendesha *na* kuwekeza, kisha inarudisha fedha yake kupitia bili. Ukisikia "mkataba wa uendeshaji" kwenye redio, uliza ni ipi, kwa sababu zinatofautiana kama kupanga nyumba na kupanga kiwanja ujenge.

*Fedha.* Senegal ilichukua namna ya kwanza mwaka 1996: SONES ya serikali ikabaki na mali na jukumu la kuwekeza, kampuni binafsi ya SDE ikaendesha. Mpango ule ulidumu zaidi ya miaka 20, na mwaka 2020 ukakabidhiwa mwendeshaji mwingine. Namna ya pili inaonekana Uganda kwenye umeme. Kampuni binafsi iitwayo Umeme ilipewa usambazaji kwa miaka 20 kuanzia Machi 2005, upotevu ukashuka kutoka asilimia 38 hadi chini ya 20, na wateja wakaongezeka kutoka chini ya 300,000 hadi zaidi ya milioni 2. Kwa upande mwingine, mkataba uliihakikishia kampuni faida ya asilimia 20 kwenye mtaji wake, na hiyo ilikaa ndani ya bili ya kila mwezi.

Hatari ya sarafu ndiyo inayosahaulika. Manila, Ufilipino, iliugawa mji vipande viwili na kukabidhi kila kimoja kwa kampuni yake tarehe 1 Agosti 1997. Wiki tatu tu kabla ya hapo peso ilikuwa imeachwa ianguke, katika msukosuko wa fedha wa Asia. Kampuni ya magharibi, Maynilad, ilikuwa imerithi asilimia 90 ya deni la dola la mamlaka ya zamani. Haikupona, miaka michache baadaye ikaanguka, ikabidi iuzwe upya. Ya mashariki, Manila Water, ilibeba sehemu ndogo ya deni, na ikashusha upotevu kutoka asilimia 63 hadi karibu 11. Mji mmoja, mwaka mmoja, aina moja ya mkataba. Nikiombwa hoja moja ya kupeleka kwenye kikao, napeleka hiyo: soma kipengele cha sarafu kabla ya kusoma jina la kampuni.

*Geti.* Mwendeshaji binafsi haogopi simu ya mkubwa kama meneja aliyeteuliwa naye. Lakini wizara isipolipa, hana la kufanya zaidi ya kuandika barua, na hapo ndipo mikataba mingi huchacha.

*Mnyonge.* Inategemea kilichoandikwa. Kampuni inalipwa kwa kinachokusanywa, kwa hiyo bila lengo la kuunganisha mitaa ya mabondeni itakwenda kule ambako bili ni kubwa. Cochabamba, Bolivia, bei zilipandishwa mapema mwaka 2000 kabla huduma haijaboreka, na mnamo Aprili mkataba ulivunjwa baada ya maandamano.

*Kurudi nyuma.* Mkataba ukiisha wenyewe, ni nafuu. Paris iliacha mikataba yake ya miaka 25 imalizike, ikarudisha maji kwenye mamlaka ya umma mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikashusha bei kwa asilimia 8. Ukivunja katikati, jiandae na mawakili. Dar es Salaam ilikabidhi maji kwa kampuni ya City Water Agosti 2003 na kuvunja mkataba Mei 2005. Mashauri ya usuluhishi yalikwenda hadi 2008. Tanzania ilishinda shauri moja na kutolipishwa fidia kwenye jingine, lakini miaka yote hiyo bomba halikusubiri hukumu. Ghana ilikabidhi usambazaji wa umeme kwa kampuni ya PDS Machi 2019 na kuusitisha Julai, ilipogundulika kasoro kwenye dhamana, na msaada wa Marekani wa dola milioni 190 ukapotea. Hata Uganda, iliyongoja miaka 20 itimie, iliishia kwenye mzozo wa fidia: mwaka 2025 serikali ililipa dola milioni 118, kampuni ikadai kiasi kikubwa zaidi.

*Inamfaa nani.* Nchi ambayo siasa zimeshaingia hadi kwenye daftari la msoma mita, lakini serikali bado inakopesheka na ina wanasheria wa kuandika mkataba. Bila wanasheria hao, usikodishe.

Njia ya tatu: liuzwe

*Fedha.* Mnunuzi analeta mtaji, hazina inapata kitu. Kwenye karatasi, angalau. Ukweli ni kwamba shirika bovu haliuziki na madeni yake: Uingereza ilipouza maji ya England na Wales mwaka 1989 ilifuta kwanza madeni ya pauni bilioni 5 hivi, na juu yake ikaongeza fedha za kuanzia. Kampuni zikaanza bila deni. Leo kwa pamoja zinadaiwa zaidi ya pauni bilioni 60. Thames Water, yenye wateja milioni 16 hivi, ilibebeshwa madeni na wamiliki waliokuwa wakijilipa gawio, na sasa imekuwa ikining'inia kwenye ukingo wa kufilisika. Wales ilipita njia yake: tangu 2001 maji yake yanamilikiwa na kampuni isiyo na wanahisa, faida ikirudi kwenye mabomba.

Upande wa pili kuna Chile. Ilirekebisha kwanza mashirika yake yakiwa ya umma, ikaweka bei inayofikia gharama, ikatunga ruzuku inayolipia sehemu ya bili ya kaya maskini, na ndipo mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaanza kuuza. Usafishaji wa majitaka, uliokuwa wa kiwango cha chini sana, ukafikia karibu miji yote. Mpangilio wa hatua ndio uliofanya kazi: kurekebisha, kisha kuuza.

Nigeria ilifuata mpangilio mwingine. Tarehe 1 Novemba 2013 iliwakabidhi wanunuzi kampuni zake nyingi za uzalishaji na za usambazaji, serikali ikibaki na asilimia 40 ya hisa za usambazaji na njia zote kuu za kusafirisha. Wanunuzi wengi walikopa kununua, na hawakubakiwa na fedha za mita. Serikali haikuruhusu bei ifikie gharama. Naira ikashuka huku gesi ikihesabiwa kwa dola. Baadhi ya kampuni zikaangukia mikononi mwa benki zilizozikopesha, na mwaka 2024 gridi ya taifa ilianguka mara nyingi hadi ikawa dhihaka.

*Geti.* Mmiliki binafsi ana hamu kubwa kuliko wote ya kukata. Ila bila mita za kutosha anafanya kile alichofanya rafiki yangu wa daftari: anakadiria. Tofauti ni kwamba sasa makadirio yanapanda kila mwezi, na anayebanwa ni yule asiye na mlinzi getini.

*Mnyonge.* Analindwa na mdhibiti tu, yaani ofisi ya umma inayosimamia bei na huduma. Mdhibiti akiwa na meno, kama ruzuku ipo na inamfikia, mambo yanaweza kwenda vizuri. Akiwa ofisi ya watu watatu na gari moja, mnyonge hana mtetezi.

*Kurudi nyuma.* Ghali kuliko zote. Kununua tena kile ulichouza kunahitaji fedha ambazo, kama ungekuwa nazo, usingeuza.

*Inamfaa nani.* Nchi yenye mahakama zinazoheshimika, mdhibiti mwenye uzoefu, sarafu iliyotulia, na shirika ambalo tayari linajiendesha. Najua hilo linasikika kama kusema mgonjwa anayefaa kufanyiwa upasuaji ni yule aliye mzima. Lakini ndivyo ilivyo.

Kuna wanaopendekeza kulivunja shirika vipande: uzalishaji, usafirishaji, usambazaji. Hiyo si njia ya peke yake. Inaweza kuambatana na yoyote kati ya hizi, na kama wateja hawalipi, unabadilisha deni moja kubwa kuwa madeni matatu yanayodaiana. Pakistani ina jina kabisa la jambo hilo, deni la mzunguko, na limekuwa likiutafuna uchumi wake kwa miaka.

Njia ya nne: kila mtu ajitafutie

Hakuna bunge linalopitisha hii. Ndiyo inayotokea wakati nyingine tatu zinajadiliwa, kwa hiyo ni haki ipimwe kama wenzake.

*Fedha* zinatoka mfukoni mwa kila kaya, na kwa mwenye uwezo hesabu inaweza kulipa. Paneli za sola zimeshuka bei mno: mwaka 2024 pekee Pakistani iliagiza paneli zenye uwezo wa gigawati 17 hivi, watu wakizikimbia bili za gridi. Zahanati inayotunza chanjo kwenye jokofu haina sababu ya kungojea mageuzi ya sekta.

*Geti* hapa linageuka. Mdaiwa mkubwa hakatiwi. Anaondoka mwenyewe, na gharama za nyaya zinagawanywa kwa waliobaki. Bili zao zinapanda, wengine wanaondoka, na mzunguko unaendelea.

*Mnyonge* ndiye anayeumia. Nchini Lebanon wenye majenereta ya mtaa huuza umeme kwa ampea: ampea 5 na unachagua kati ya friji na mashine ya kufulia. Kwa maji ni kisima na boza. Jakarta, ambako mtandao wa bomba haukuwafikia wote, watu na majengo makubwa walichimba na kuvuta maji ya ardhini hadi sehemu za kaskazini za mji zikazama mita kadhaa, bahari ikawa juu kuliko barabara.

*Kurudi nyuma* kunaonekana rahisi na si rahisi. Mwenye jenereta la mtaa ana wateja, ana mtaji, na punde ana diwani wake. Umeme wa saa 24 ukirudi, biashara yake imekufa, na atapigana.

*Inamfaa nani.* Mwenye kiwanda, hospitali, au shamba lililo mbali na gridi, kama nyongeza. Kwa nchi nzima haimfai mtu.

Uchague vipi kulingana na hali yako

Kama shirika lina wahandisi wazuri waliokata tamaa, na serikali inaweza kuwekewa mita za malipo ya kabla kwenye ofisi zake zote kuanzia wizarani, jaribu njia ya kwanza kwa miaka 3 hadi 5 kabla ya kufikiria nyingine. Wizara kukubali mita ni kipimo kizuri kuliko hotuba yoyote.

Kama kila meneja anateuliwa kwa undugu na kila mkubwa hakatiwi, lakini hazina bado inakopa kwa riba ya maana, ukodishaji wa namna ya kwanza una mantiki: serikali ijenge, mwendeshaji akusanye. Weka deni la dola nje ya bili, weka lengo la kuunganisha mitaa maskini, na andika mapema fidia ya kuondoka itahesabiwa vipi.

Kama sarafu inaporomoka hivi sasa, usiuze na usisaini mkataba wa miaka 25. Mnunuzi anayekuja wakati huo anajua umeshikwa pabaya. Tumia mwaka mmoja au miwili kufanya yale yanayohitajika kwa njia zote: tenganisha hesabu za shirika na za hazina, weka mita, pandisha bei kidogo kidogo huku ukilinda uniti za kwanza za kila kaya, na acha maamuzi makubwa yasubiri.

Kama tayari bei inafikia gharama na mdhibiti amewahi kuitoza faini kampuni kubwa na faini ikalipwa, kuuza kunaweza kujadiliwa kwa utulivu. Dai kikomo cha madeni ambayo mnunuzi anaweza kulibebesha shirika, kiandikwe kwenye leseni.

Kama wewe ni mwenye biashara, nunua sola yako bila kuona haya, ila usikate waya wa gridi. Mkutano wa mwisho wa kuidai huduma unahitaji sauti yako bado iwe ya mteja.

Na kama ni mpangaji aliyeitwa kutoa maoni, usipoteze dakika zako tatu kwenye swali la nani amiliki. Uliza ada ya kuunganishwa itakuwa kiasi gani. Omba orodha ya wadaiwa 20 wakubwa isomwe mbele ya kikao. Kisha uliza ni mita ngapi zinaandikwa kwa makadirio, na ziko mitaa gani. Wakikujibu kwamba takwimu hizo hazipo, waombe wamwite msoma mita aje na daftari lake.